Kwa Miguu Mjini Nairobi

Mwenye kuwaongoza wageni huanzia stesheni, kwa kuwa mji huu ulizaliwa na reli iliyofika hapo mwaka 1899. Katika Barabara ya Kenyatta husimama kitambo kirefu, na ndivyo ipasavyo, mbele ya sanamu tatu za shaba. Mmoja wao ni mpagazi wa vita vya 1914-1918. Kikosi chake ndicho kilichoacha jina la Kariokor. Maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yaahidi kwamba wana watakumbuka majina yao, lakini hakuna jina hata moja lililoandikwa. Kisha huelekea Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao.