Muuguzi Alipomkatiza Uhura

Tarehe 8 Septemba 1966, siku tamthilia ya "Star Trek" ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika runinga ya Marekani, Kiswahili kilisikika humo. Sehemu hiyo, "The Man Trap", inahusu kiumbe kinyonyacho chumvi ya miili ya watu, ambacho hujigeuza kulingana na matamanio ya anayekitazama. Kinapomkabili Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha anga kiitwacho Enterprise, kinajifanya mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Kenya wakati huo ilikuwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru.

Mwaka huu nimeirejelea tamthilia hiyo yote, sehemu 79, kila Jumamosi jioni, nyumbani kwa dada yangu huko Nyamira. Nyingine zimechakaa kama mapambo yake ya karatasi ngumu. Nyingine zingali zinachoma.

Jina Uhura lina kisa chake. Mwigizaji Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022, alieleza kwamba alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark, "Uhuru", iliyochapishwa mwaka 1962 na kuihusu Kenya. Mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, alilipenda neno hilo, ila likalainishwa mwishoni ili lifae mwanamke. Mwanaisimu hana budi kutabasamu. Katika Kiswahili irabu ya mwisho haibainishi jinsia; neno letu limevishwa rinda la Kilatini. Hata hivyo halikupoteza heshima yake, na Nichols alipotaka kujiuzulu baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King mwenyewe ndiye aliyemsihi abaki.

Lakini sehemu iliyonishughulisha zaidi ni "The Changeling", ya mwezi Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inafuta kumbukumbu zote za Uhura. Ofisa huyu mahiri anarudishwa kwenye kitabu cha watoto wa darasa la kwanza, chenye mbwa na mpira. Neno la Kiingereza la rangi ya buluu, "blue", linamtatiza: analitamka pamoja na irabu yake ya mwisho. Anapoingia katika Kiswahili, Muuguzi Chapel anamkatiza na kumrudisha kwenye Kiingereza. Tukio zima halifiki dakika mbili, nalo limewekwa humo ili kuchekesha.

Mpwa wangu wa miaka minane hakucheka. "Mjomba," aliniuliza, "huyo naye atavishwa mbao?"

Walimu wenzangu wa Kisii na Nyamira hawahitaji kufafanuliwa swali hilo. Katika shule anayosoma mtoto huyu kipande cha mbao bado huning'inizwa shingoni mwa anayenaswa akisema Ekegusii, naye hukaa nacho mpaka amnase mwenzake. Siku za Kiingereza hata Kiswahili humponza. Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza jambo hili katika "Decolonising the Mind" mwaka 1986, akikumbuka shule za miaka ya hamsini. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya mazingira ya mtoto itumike katika madarasa ya chini, na Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mbao haijasoma hata mojawapo ya nyaraka hizo.

Ni kweli kwamba hadithi yenyewe ina ufa. Kama Nomad ilifuta kila kitu, Kiswahili kilisalia wapi? Yamkini waandishi walidhani lugha ya kwanza hukaa mahali ambapo mkono wa mashine haufiki. Kitaalamu dhana hiyo ni dhaifu, lakini tuichukue ilivyo. Kwa mtoto wa Nyamira, kitakachosalia si Kiswahili bali Ekegusii. Kutoka "omonto" na "abanto" hadi "mtu" na "watu" ni hatua fupi mno, na mwalimu anayeipiga marufuku hatua hiyo anamlazimisha mtoto kuruka mto ilhali daraja lipo. Jim Cummins alitoa hoja tangu mwaka 1979 kwamba ustadi katika lugha ya pili huegemea ule uliojengwa katika lugha ya kwanza. Hakusema Kiingereza kisifundishwe, wala mimi sisemi hivyo.

Sasa turudi kwenye mpira. Tahajia ya Kiswahili hutamka kila irabu inayoandikwa. Msomaji aliyelelewa humo, akikutana na neno la Kiingereza lenye irabu ya mwisho isiyotamkwa, ataitamka, na atakuwa amefuata kanuni barabara. Kosa la Uhura lina mantiki, nasi tulisikie hivyo mtoto anaposimama kusoma mbele ya darasa. Isitoshe, "buluu" yenyewe ni neno tulilolikopa kutoka Kiingereza. Muuguzi Chapel angemwacha mgonjwa wake amalize sentensi yake, huenda neno alilokuwa akilitafuta lingetoka lenyewe. Pangebaki kumwonyesha tu kwamba Waingereza huandika irabu ambayo hawaitamki.