Kaka ameombwa uboho: je, ni majaribio?



Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu usiku, analia. Mwanawe ana saratani ya damu na hospitali imewaita kaka zake wapimwe. "Dada nesi, watamtoboa uti wa mgongo mwanangu mzima, si nitabaki na wagonjwa wawili? Na haya si majaribio?" Nimeona nijibu hapa, maana swali hili nalisikia sana wodini.

Tuanze na majaribio. Ndiyo, zamani yalikuwa majaribio, na aliyeyafanya aliyaandika mwenyewe. Ni Dk. E. Donnall Thomas wa Marekani. Mwaka 1957 yeye na wenzake waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu wagonjwa sita waliopigwa mionzi na dawa kali, kisha wakawekewa uboho wa watu wengine kwa njia ya mshipa. Wote sita walifariki, hakuna aliyefikisha siku 100. Hakuficha. Akarudi maabara, miaka mingi akifanya kazi na mbwa, wakati madaktari wengi walishakata tamaa kwamba jambo hili litawezekana kwa binadamu.

Mwaka 1977 timu yake ya Seattle ikaandika kuhusu wagonjwa 100 wa saratani ya damu ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. Kumi na tatu walikuwa hai bila ugonjwa. Utasema ni wachache, lakini hao walikuwa watu wa kufa wote. Mwaka 1979 wakaandika kuhusu waliopandikizwa mapema, ugonjwa ukiwa bado umetulizwa na dawa, na matokeo yakawa bora zaidi. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1990, pamoja na Joseph Murray wa upandikizaji wa figo. Mkewe Dottie ndiye aliyekuwa akimhaririia maandiko yake. (Mimi huwa nasema nusu ya tuzo ilikuwa yake.)

Mimi mtafiti simpimi kwa wingi wa makala. Natazama kama ameandika na yaliyomshinda. Kwa hiyo, mama, anachoombwa mwanao leo si jaribio la kubahatisha. Hatari bado ipo, lakini kubwa iko kwa mgonjwa, si kwa anayetoa.

Sasa huo uti wa mgongo. Hauguswi kabisa! Uboho ni ule ute ulio ndani ya mifupa, ndiko damu inakotengenezwa. Siku hizi wengi hutoa kwa mshipa wa mkono: unachomwa sindano siku chache ili seli ziingie kwenye damu, kisha mashine inazichuja. Mifupa itauma kama una mafua makali, halafu inapita. Wengine hutolewa kwenye mfupa wa nyonga wakiwa wamelazwa usingizi. Mwili hutengeneza mwingine ndani ya wiki chache.

Jambo lingine ambalo linatuponza sisi Waswahili ni neno "ndugu". Daktari akiuliza mgonjwa ana ndugu wangapi, sisi tunajibu kumi na wawili, tukihesabu watoto wa baba mdogo na wa mama mkubwa. Yeye anataka kwanza wa baba mmoja mama mmoja, kwa sababu kila mmoja wao ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Sema ukweli hata kama ni siri ya nyumbani, mwambie nesi faragha. Mzazi au mtoto, anayelingana nusu, naye siku hizi anaweza kufaa.

Asipopatikana ndani ya familia, hutafutwa mgeni kwenye daftari la wafadhili. Hapo ndipo tunapoumia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulionyesha Mzungu ana nafasi ya 75 katika 100 kupata anayelingana naye kabisa. Mtu mweusi, 16 hadi 19 tu. Tumejiandikisha wachache mno, na chembe zetu zina aina nyingi kuliko zao. Kama wewe ni kijana mzima, Uingereza uliza Anthony Nolan, Marekani uliza NMDP. Kujiandikisha ni kujisugua pamba ndani ya shavu tu.

Vijana wawili wa yule mama wanapimwa Jumatatu. Wa tatu yuko Tabora, na tumeshaiuliza hospitali jinsi vipimo vyake vitakavyochukuliwa huko huko.