Geti, Kufuli na Njia ya Majirani

Tuseme ni saa nane za usiku na mvua inanyesha. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Gari limepatikana kwa shida na sasa linakaribia boma, lakini dereva amesimama njiani akipiga honi. Geti la jirani limefungwa kwa kufuli. Mwenye geti yuko Nairobi kazini, na kijana aliyeachiwa shamba hajui ufunguo uko wapi. Basi mama anabebwa kwa blanketi, watu wakiteleza kwenye matope, mpaka pale gari liliposimama.

Asubuhi watu watasema nini? Wengi watasema jirani yule ana roho mbaya. Lakini ukimwuliza yeye mwenyewe, atakuambia kwamba mwezi uliopita ng'ombe zake mbili ziliibwa usiku na kupitishwa kwa njia hiyo hiyo. Alifunga geti kulinda mali yake. Hakuwa anamfikiria mama mjamzito.

Hiyo ndiyo shida ya njia zetu za mashambani: kila upande una neno la kweli. Hapa tunataka kueleza magomvi haya yanatoka wapi, sheria ya Kenya inasema nini, na majirani wafanye nini kabla ya kupelekana kortini.

MAGOMVI YANATOKA WAPI

Katika sehemu za Kati na kule Kisii, mashamba mengi ni marefu na membamba. Yanaanzia kwenye barabara ya juu ya kilima na kuteremka mpaka mtoni. Baba akiwa na vijana wanne, anagawa shamba. Wa juu anapata barabara, wa chini anapata mto. Baba akiwa hai hakuna anayeuliza habari ya njia. Wote wanapita kando ya boma la mzee, na maziwa yanafika barabarani kila asubuhi.

Kisha mzee anafariki. Kijana wa juu anauza sehemu yake kwa mtu kutoka mbali. Huyo mnunuzi anaangalia karatasi zake, haoni njia yoyote imeandikwa. Anaweka ua, anaweka geti, anaweka kufuli. Akiulizwa anajibu, "Mimi nilinunua ekari mbili. Sikununua njia ya watu." Na kwa kweli, si yeye aliyefanya kosa la kwanza. Kosa la kwanza lilifanywa na familia iliyogawa na kuuza shamba bila kuandika njia.

Katika Bonde la Ufa mambo ni tofauti kidogo. Huko kuna mashamba makubwa ya walowezi yaliyonunuliwa baada ya Uhuru na makampuni na vyama vya wananchi, halafu yakagawanywa kwa wanachama. Mara nyingi ramani ilionyesha barabara vizuri, lakini watu hawakuzifungua. Walifuata njia fupi, kwa maana wakati ule mashamba yalikuwa wazi. Ile barabara ya kwenye ramani ikalimwa mahindi. Leo mwenye njia fupi anapofunga geti, ndipo watu wanakumbuka ramani. Kumbe katikati ya barabara ya ramani kuna jiko la mtu!

NJIA NI ZA AINA NNE

Kabla ya kugombana, ni vizuri kujua njia yenu ni ya aina gani. Watu wengi wanapoteza pesa kwa wakili kwa sababu hawakuuliza swali hili kwanza.

Ya kwanza ni barabara ya umma. Hii inaonekana kwenye ramani ya ofisi ya upimaji kama barabara, na haimo ndani ya shamba la mtu yeyote. Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuifunga kwa kufuli lake, hata kama ni yeye aliyemwaga maram kwa pesa zake. Ikifungwa, habari ipelekwe kwa chifu na kwa ofisi ya barabara ya kaunti.

Ya pili ni njia iliyoandikwa. Ardhi ni ya mtu, lakini rejista ya ardhi inaonyesha kwamba shamba fulani lina haki ya kupita juu ya shamba fulani. Haki kama hii inaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Uzuri wake ni kwamba inafuata shamba. Shamba likiuzwa hata mara tano, haki ya kupita inabaki pale pale. Mnunuzi hawezi kusema hakujua, maana imeandikwa.

Ya tatu ni njia ya mazoea ya miaka mingi. Haikuandikwa popote, lakini watu wameipita tangu zamani. Sheria inayoweka muda wa kudai haki kortini, yaani Sura ya 22, inasema katika kifungu cha 32 kwamba mtu anaweza kupata haki ya njia kama ameitumia miaka 20. Lakini angalia masharti yake. Lazima awe amepita waziwazi, kwa amani, bila kukatizwa, na kama mtu mwenye haki. Yule aliyepita kwa kujificha usiku, au kwa kuvunja ua, hawezi kudai. Na jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: ile miaka 20 ni lazima iwe imeishia ndani ya miaka 2 kabla ya kesi kufunguliwa. Kwa hiyo ukifungiwa njia, usikae miaka mitano ukinung'unika sokoni. Muda unakwenda.

Ya nne ni njia ya ruhusa. Jirani alikuambia, "Pita tu, hakuna neno." Hii ni hisani yake. Umshukuru, umsalimie, umsaidie kuzibua mtaro. Lakini hisani si haki. Hata ukipita miaka 30 kwa ruhusa, bado ni ruhusa, na anaweza kuiondoa. Ukitaka iwe haki, mkubaliane na muiandikishe.

JE, NIKIKOSA NJIA KABISA?

Kuna mtu ambaye shamba lake limezungukwa pande zote, na hana haki yoyote kati ya hizo tulizotaja. Huyu sheria haikumwacha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 140, inamruhusu mwenye shamba lililofungiwa kwenda kortini kuomba amri ya kupitishiwa njia. Kesi kama hizi zinasikizwa na Korti ya Mazingira na Ardhi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Korti haitoi njia hivi hivi kama mtu anavyogawa peremende. Itauliza: uliponunua shamba hili, njia ilikuwaje? Lilifungiwa kwa sababu gani? Pande zote mbili zimekuwa na tabia gani, na je, ulijaribu kuzungumza na jirani? Wewe utaumia kiasi gani ukikosa njia, na jirani ataumia kiasi gani ikipita kwake? Ikikubali, inaweza pia kuagiza jirani alipwe, na iseme nani ajenge ua na nani atengeneze njia. Kwa hiyo yule anayekwenda kwa jirani kwa heshima hapotezi wakati wake. Hata korti itataka kujua kama alikwenda.

GETI SI KOSA

Hapa kuna jambo linalosahauliwa na pande zote mbili. Mwenye shamba ambalo njia inapita bado ni mwenye shamba. Kwa kawaida anaweza kuweka geti ili mifugo isitoke na wezi wasiingie, mradi wenye haki wapite bila taabu kubwa. Kosa ni geti linalomnyima mwenye haki kupita. Kufuli ambalo kila nyumba ina ufunguo wake ni ulinzi wa wote. Kufuli lenye ufunguo mmoja, nao uko Nairobi, ni ukuta.

Na sisi tunaopita tujiulize pia. Nani aliacha geti wazi, ng'ombe zikaingia kwenye mahindi? Nani alileta lori la mawe wakati wa mvua, likachimba mashimo, halafu akanyamaza wakati wa kutengeneza? Mara nyingi kufuli huja baada ya maneno mengi ambayo hayakusikizwa. Mwenye geti alilalamika mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akaenda dukani kununua kufuli.

UKIFUNGIWA, FANYA HIVI

1. Usivunje kufuli wala kukata ua. Hata kama haki ni yako, unaweza kushtakiwa kwa kuharibu mali, na badala ya kuwa mlalamikaji unakuwa mshtakiwa. Ukiwa na mgonjwa usiku, piga kelele, amsha majirani na mzee wa kijiji, muwe mashahidi pamoja.

2. Nenda kwa jirani mchana, siku ambayo hamjakasirika. Usiende na kundi la vijana. Nenda na mtu mmoja mzima anayeheshimiwa na pande zote. Usianze na neno "haki". Anza na swali: "Mzee, tumeona geti limefungwa. Ni jambo gani limekusumbua?" Halafu unyamaze usikilize.

3. Tafuteni karatasi. Ofisi ya ardhi itakuonyesha yaliyo katika rejista ya shamba lako na la jirani, kwa malipo kidogo. Ofisi ya upimaji itakupa nakala ya ramani. Ikiwa mnabishana juu ya mpaka wenyewe, huo huanza kwa msajili wa ardhi, siyo kortini. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema hivyo.

4. Pelekeni neno kwa wazee, au kwa chifu katika baraza. Wengine wanadhani hii ni mambo ya kizamani. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 60, inahimiza jamii zitatue magomvi ya ardhi kwa njia zao za nyumbani zinazopatana na Katiba. Waandike walichoamua, na kila mtu atie sahihi. Lakini wazee hawawezi kubadilisha rejista. Hiyo kazi ni ya ofisi ya ardhi.

5. Haya yote yakishindikana, nenda kortini mapema, ukiwa na ramani, barua, picha na majina ya watu wazima walioijua njia tangu zamani. Wazee hawa hawaishi milele. Kumbukumbu yao iandikwe wakati wapo.

MAPATANO YA NJIA YAWE NA NINI?

Mapatano mazuri hufanywa wakati watu bado wanasalimiana. Nyumba zote zinazotumia njia zikae chini ya mti mmoja na kuandika mambo haya:

Njia inapita wapi, na upana wake ni kiasi gani. Msipime kwa mkokoteni ikiwa lori la majani chai litapita.

Nani anapita, na kwa vyombo gani. Pikipiki na gari la maziwa si sawa na lori la mawe.

Geti linafungwa saa ngapi, na linafunguliwa saa ngapi. Kila nyumba iwe na ufunguo wake. Ufunguo mwingine ukae kwa mtu anayelala karibu na geti, siyo kwa mtu anayefanya kazi mbali.

Usiku wa dharura ni nani anaamshwa. Nambari za simu za watu wawili au watatu ziandikwe.

Matengenezo yanafanywa lini na nani analipa nini. Asiye na pesa anaweza kuleta jembe na nguvu zake. Anayeleta lori zito atengeneze alichoharibu.

Mkishapatana, msiishie hapo. Karatasi ya makubaliano ya kawaida inawafunga waliotia sahihi tu. Shamba likiuzwa, mgeni anaweza kusema hakuwa chini ya mti siku ile. Kwa hiyo nendeni kwa wakili mjaze fomu ya haki ya njia, na isajiliwe katika ofisi ya ardhi. Gharama mkigawana nyumba tano au sita si kubwa kama ya kesi.

Na wewe baba au mama unayepanga kugawia watoto shamba, tunakuomba jambo moja. Kabla ya mpima ardhi kuweka mawe, simama kwenye sehemu ya mtoto wa mwisho, yule wa kule chini mtoni, ujiulize: huyu atatokea wapi? Acha njia, na ionekane kwenye ramani. Utapunguza futi chache za shamba leo, lakini utawaachia watoto wako amani. Na wewe unayenunua shamba, tembea mipaka kwa miguu, uulize majirani wanaopita pale ni akina nani. Njia iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu inakuambia kitu ambacho karatasi haisemi.

Turudi kwa yule mama wa saa nane za usiku. Kama mapatano yangekuwapo, dereva hangepiga honi mara tatu. Mtu angetoka na tochi na ufunguo, geti lingefunguliwa, gari lingepita, na geti lingefungwa tena nyuma yake. Ng'ombe za jirani zingekuwa salama zizini, na mama angekuwa njiani kwenda hospitali. Basi kabla ya mvua kuanza, waite majirani zako mkae. Ajenda ni moja tu: ufunguo wa pili utakaa kwa nani?