Toleo "Sahihi" la Zimwi Halipo

Nafundisha uandishi wa filamu fupi, na kila Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia swali huwa lile lile: haya matangazo marefu ya sikukuu, mbona yanazipotosha ngano za Wachina? Hadithi sahihi ya Nian ni ipi? Swali limenichosha. Linadhani kuna ngano moja safi iliyofungiwa kabatini, na kwamba kazi ya mtunzi ni kuinakili tu.

Tuanze na huyo Nian. Inasimuliwa kuwa ni zimwi linaloshuka vijijini mkesha wa mwaka mpya kula watu, nalo linaogopa wekundu, moto na kelele. Ndiyo maana watu hulipua fataki. Unaweza kuapa ni hadithi ya tangu na tangu. Sasa kamsome Zong Lin, aliyeandika katika karne ya 6 kuhusu desturi za mwaka za eneo la kati la mto Yangtze. Anasema alfajiri ya siku ya kwanza watu walipasua mianzi motoni mbele ya nyumba zao ili kufukuza mapepo ya milimani. Kelele zimo, moto umo. Nian hayumo.

Chang'e, bibi wa mwezini, anawaumbua zaidi watetezi wa asili. Katika Huainanzi, kitabu cha karne ya 2 kabla ya Kristo, anaiba dawa ya kutokufa ya mumewe, mpiga upinde Hou Yi, na kutorokea mwezini. Mnajimu Zhang Heng, wa karne ya 2 baada ya Kristo, anaongeza kwamba alipofika huko aligeuka chura. Wasimulizi wa baadaye wakamsafisha: aliinywa ili isitwaliwe na Pengmeng, mwanafunzi mwovu wa mumewe. Haya, wa asili ni yupi? Mwizi, chura, au mke mwaminifu? Wauza keki za sikukuu ya mwezi humpenda huyo wa tatu, nami siwalaumu. Lakini wasiniambie kwamba wanalinda mila. Wamechagua, kama alivyochagua kila fanani kabla yao.

Ushahidi ninaoletewa mara nyingi ni "Nian", filamu ya Apple ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Lulu Wang na kupigwa kwa simu ya iPhone 12 Pro Max. Kosa lake, naambiwa, ni kwamba msichana anakutana na zimwi msituni wakawa marafiki. Hilo ndilo linaloibeba filamu! Ina takriban dakika 12, na Wang hahitaji kuzitumia kumtambulisha zimwi, kwa sababu mtazamaji wa Kichina anamjua tangu utotoni. Anaikuta hofu tayari, kisha anaigeuzia nyumbani, kwa wazazi wanaoogopa mtoto wao atavuka mipaka waliyomwekea. Ngano imempa mwiko, naye ameuvunja mbele ya watu wanaoujua. Kwa mtazamaji asiyeujua, mgeuko huo ungepita bure.

Kwa wanaotaka kazi, si ubishi: chukua mwiko mmoja wa ngano, si ngano nzima. Utie ndani ya familia moja, usiku mmoja. Amua nani ataumia ukivunjwa. Usimwajiri msimulizi aeleze asili ya sikukuu. Anayeijua atachoka, asiyeijua hatashika kitu. Bidhaa itumike, isiwe mwokozi. Mafunzo ya mwisho yafute. Kisha liondoe zimwi kwenye mswada: hadithi ikibaki ilivyokuwa, lilikuwa pambo, liache nje. Peter Chan hakulihitaji mwaka 2018 katika "Three Minutes", tangazo jingine la Apple. Alikuwa na mama mhudumu wa treni, mtoto wake, na dakika 3 za treni kusimama kituoni.