Kutafakari Usiku wa Mwezi Mpevu: Swali Kutoka Usharikani

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alirudi kutoka mazoezi ya usharikani akiwa na swali ambalo hatukuwa tumeligusa darasani. Mama mmoja, muuguzi na mwimbaji wa kwaya, alimweleza kwamba kila mwezi unapokuwa mpevu yeye na wenzake wachache huketi juu ya ghorofa, kimya, kwa muda wa saa nzima, wakifuata maelekezo ya kutafakari wanayoyasikiliza katika simu. Alisema kuwa tangu aanze jambo hilo amepata utulivu ambao hakuwahi kuupata kanisani. Baadhi ya wazee wa kanisa walikwisha kupata habari, nao walitaka azuiliwe Meza ya Bwana. Mwanafunzi wetu alipoulizwa maoni yake alinyamaza. Aliporudi chuoni akaniuliza: "Mwalimu, ilinipasa kusema nini?"

Nilimwambia kwamba kwanza tujue jambo lenyewe limetoka wapi, maana mchungaji asiyeuliza hilo huishia kuhukumu jina tu.

Kuutumia usiku wa mwezi mpevu kwa ibada ni desturi ya kale. Wabudha hukumbuka kuzaliwa, kuangaziwa na kufariki kwa Buddha katika mwezi mpevu wa Vesak, ambao mara nyingi huangukia Mei. Nchini Sri Lanka kila siku ya mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa, na waumini huenda hekaluni wamevaa nguo nyeupe. Majirani zetu Waislamu nao wanayo saumu ya hiari ya tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo, ziitwazo siku nyeupe kwa sababu ya mwanga wa usiku wake.

Lakini maelekezo ya yule mama hayakutoka huko. Mwanafunzi aliponieleza yaliyomo, niliyatambua mafundisho ya Alice Bailey. Mwanamke huyu alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1880, akalelewa katika Kanisa la Anglikana, na katika ujana wake alifanya kazi ya Injili miongoni mwa askari wa Kiingereza huko India. Baadaye alihamia Marekani, akajiunga na Wateosofia, kisha akaanzisha shule yake mwenyewe mwaka 1923. Alifundisha kwamba mwezi unapokuwa mpevu njia kati ya jua na dunia huwa wazi, nguvu za ulimwengu wa juu hushuka, na kikundi kinachotafakari pamoja huzipokea na kuzigawa kwa wanadamu. Siku zinazohesabiwa ni tano: mbili za kujiandaa, moja ya mwezi mpevu wenyewe, na mbili za kuyagawa yaliyopokelewa. Bailey alifariki mwaka 1949, lakini mafundisho yake yameenea sana, na wengi wanaoyafuata hawajapata kulisikia jina lake.

Hapa mchungaji hana budi kuwa macho. Katika vitabu vya Bailey jina la Kristo limejaa tele, na Pasaka ni mojawapo ya sikukuu zake tatu kubwa. Hata hivyo, huyo Kristo wake ni mkuu wa jamii ya waalimu wa siri wanaoiongoza dunia, wala si yule tunayemkiri katika Imani ya Mitume, aliyesulibiwa kwa mamlaka ya Pontio Pilato kwa ajili ya dhambi zetu. Mkristo aweza kuketi hapo miezi mingi akisikia jina analolipenda, asitambue kwamba anaelezwa habari za mwingine.

Je, basi, kosa ni la mwezi? La hasha. Ibrahimu alitoka Uru na kukaa Harani, miji miwili iliyojulikana kwa ibada ya mungu-mwezi, na Torati inakataza ibada hiyo waziwazi (Kumb. 4:19). Ayubu anaapa kwamba hajaubusu mkono wake kwa kuuheshimu mwezi (Ayu. 31:26-28). Tena yafaa tuangalie kwamba Mwanzo 1 haiutaji mwezi hata kwa jina. Ni taa ndogo tu, iliyowekwa siku ya nne. Lakini taa hiyo imewekwa ili kuonyesha majira. Pasaka ya Israeli iliangukia katikati ya mwezi, na vivyo hivyo Sikukuu ya Vibanda, yaani wakati wa mwezi mpevu. Sisi wenyewe hatujaacha kuutazama. Baada ya Mkutano Mkuu wa Nikea wa mwaka 325, ulienea utaratibu wa kuadhimisha Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa tarehe 21 Machi au baada yake. Mwaka 2024 mwezi huo ulikuwa Jumatatu, tarehe 25 Machi, nasi tukaadhimisha Ufufuo tarehe 31. Mzee wa kanisa anayesema kwamba Mkristo hana lolote la kuhusiana na mwezi mpevu na aifungue kalenda ya Kanisa.

Jambo hili lilimsumbua Januario, aliyemwandikia Augustino kuuliza kwa nini Pasaka hufuata mwezi, ilhali Kuzaliwa kwa Bwana kuna tarehe isiyobadilika. Katika jibu lake, yapata mwaka 400, Augustino alieleza kwamba Kanisa hutwaa ishara kutoka katika viumbe, kama litwaavyo kutoka katika maji na mkate, pasipo kuviabudu wala kuwafuata wanajimu. Mababa wengine, kama Origene na Ambrosio, waliulinganisha mwezi na Kanisa lenyewe: hauna nuru yake, huangaza kwa nuru ya jua.

Wako wanaosema kwamba mwezi huvuta maji ya bahari, kwa hiyo huvuta pia maji yaliyomo mwilini na kuiamsha roho. Wavuvi wa pwani yetu wangeweza kuwajibu. Bamvua huja mwezi unapokuwa mpevu, na huja vilevile mwezi unapoandama, usiku ukiwa giza totoro. Kama maji ndiyo sababu, mbona hatukusanyiki gizani?

Usiku wa mwezi mpevu ulio mkuu kuliko yote katika Maandiko ni ule wa Gethsemane. Ulikuwa wakati wa Pasaka, kwa hiyo mwezi ulikuwa mpevu juu ya bustani ile, ingawa Yohana asema kwamba waliokuja kumkamata Bwana walibeba taa na mienge. Mitume watatu walikuwapo, wameombwa kukesha saa moja tu. Walilala. Naye aliyekesha hakupata utulivu. Alipata huzuni kiasi cha kufa, akaomba kikombe kimwepuke. Nimewasomea wanafunzi habari hii mara nyingi, na kila mara huniuma kwamba wenye kusinzia walikuwa ni wachungaji.

Kwa maana hiyo Luther, katika utangulizi alioandika mwaka 1539, aliposema kwamba mwanateolojia hufanywa kwa sala, kutafakari na majaribu, hakuliacha la tatu. Kutafakari kwake kulikuwa kulirudia Neno la nje, lililoandikwa, kwa moyo na kwa sauti. Mwaka 1535 alimweleza kinyozi wake, Petro, namna ya kuisokota kila amri kuwa shada la nyuzi nne: fundisho, shukrani, maungamo na ombi. Akaongeza kwamba Roho Mtakatifu akianza kuhubiri moyoni, mtu ayaache maneno yake mwenyewe, anyamaze na kusikiliza. Kuhusu wakati, Katekisimo Kubwa yafundisha kwamba hakuna siku iliyo bora kuliko nyingine kwa asili yake. Siku hutengwa kwa ajili ya utaratibu, ili watu wapate nafasi ya kulisikia Neno. Usiku wenye mwanga waweza kutengwa hivyo, mradi asiwepo anayedhani kwamba Mungu yu karibu zaidi siku ya kumi na nne kuliko siku ya ishirini na nane.

Lakini wachungaji wenzangu, neno la yule mama kuhusu utulivu tusilipite upesi. Muuguzi atokaye zamu ya usiku hukuta kwetu kwaya tano, matangazo marefu, sadaka mara mbili na mnada baada ya ibada. Ukimya wa dakika moja kabla ya maungamo umo katika liturgia yetu. Ni wangapi tunautunza? Luther alimfundisha kinyozi, nasi tumewaachia wauguzi wajifunze kutoka katika simu.

Nilimshauri mwanafunzi arudi akamwulize mama yule maswali mawili: huyo Kristo anayetajwa juu ya ghorofa alisulibiwa au hakusulibiwa, na je, angekubali kuketi saa ileile akiwa na Zaburi mkononi. Swali la kwanza, mama alisema, hakuwahi kujiuliza, akaomba muda wa kusikiliza tena. La pili alilikubali, kwa sharti kwamba mchungaji naye aje. Wazee wawili bado wanapinga, na suala la Meza ya Bwana limeahirishwa hadi kikao kijacho cha baraza.