Mainjinia Walisema Mashine Iko Fiti, Wiki 3 Baadaye Ikachoma Mgonjwa Mwingine

Hosi watu huona daktari na nesi. Yule msee anayepita na bisibisi mfukoni hakuna anayemcheki, na ndiye amesaini kwamba mashine uliyolala chini yake haitakumaliza.

Hebu twende Tyler, Texas, Machi 1986. Kituo cha kansa kina mashine ya mionzi inaitwa Therac-25, ya AECL, kampuni ya serikali ya Kanada. Mwendeshaji anakosea herufi moja, anarekebisha chap chap, anabonyeza. Skrini inaandika "Malfunction 54". Hizo meseji zilikuwa za kila siku, so akabonyeza tena. Ndani, mgonjwa aliyeandikiwa rad 180 alikuwa anapigwa na kitu kinachokadiriwa kuwa 16,500 kwenda juu. Na manze, siku hiyo kamera ilikuwa imechomolewa na intakomu ilikuwa mbovu. Walijua kuna shida alipoanza kugonga mlango.

Mainjinia wa kampuni walikuja, wakapima, hawakuona kitu. Wakasema hii mashine haiwezi kuzidisha dozi. Aprili 7 ikarudi kazini. Aprili 11 ikachoma mwingine. Wote wawili walikufa baadaye.

Safari hii mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, aliizima mwenyewe. Akaketi na yule mwendeshaji, wakarudia na kurudia hadi wakanasa ngori: ukirekebisha data haraka, ndani ya sekunde 8, programu inachanganyikiwa. Kampuni ilijaribu ikashindwa, mpaka Hager akawaambia waandike mbio. (Therac ya zamani ilikuwa na vizuizi vya chuma na waya. Kwa hii mpya walivitoa, wakaamini programu tu.)

Hapa Kenya hawa mainjinia wengi wamepitia KMTC, na mtihani wao si wa sinema. Ni sapulaya anayekuja na chai ndio ripoti iseme spea zake tu ndizo zitaingia. Ni kubandika stika bila kupima juu wadi imejaa.

Chukua konsentreta ya oksijeni. WHO inataka itoe angalau asilimia 82. Ikishuka, bado itanguruma na kupuliza vile vile, na kama alamu yake imekufa, bila kipimo hakuna mtu atajua. Mama wa mtoto ataona tu mpira puani, na stika mpya imeandikwa "imekaguliwa".