Jicho la Kwanza Liliponyamaza, Chunga la Pili

Kama retina ya jicho lako moja ilishabanduka, usijiambie "si bado niko na lingine." Retina ni ule utando mwembamba wa nyuma unaonasa picha. Macho ni mapacha: udhaifu uliochana la kwanza mara nyingi uko kwa la pili pia. Hatari inazidi kama unavaa miwani nzito ya kuona mbali, ulitolewa mtoto wa jicho, au uligongwa jichoni.

Mcheki Gordon Brown, Waziri Mkuu wa Uingereza 2007 hadi 2010. Akiwa na miaka 16 aliumia kwenye raga, jicho la kushoto likazima. Miaka michache baadaye la kulia likaanza mambo yaleyale. Hapo aliwahi upasuaji, likaokoka.

Basi wewe wa Muyeye, usingoje. Anzia hospitali ya Malindi, uombe rufaa kwa daktari wa macho. Atakutia matone ya kupanua mboni aone retina mpaka pembeni. Siku hiyo usiendeshe boda, utaona ukungu kwa saa kadhaa. Akipata mchaniko, anaweza kuuzungushia leza kabla retina haijabanduka.

Nyumbani, funika jicho moja moja ujipime. Ukiona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kivuli kama pazia, nenda siku hiyohiyo. Hakuuma, ndiyo maana watu huchelewa. Na kama unachomelea vyuma, miwani ya kinga si ya kuning'iniza shingoni.